Kisigino cha Brijita

Mke wangu Brijita ana miguu mibaya. Nalisema hili mapema kwa sababu hata yeye hulisema, tena mbele ya wageni, akiinua pindo la gauni ili waone vizuri. Ni miguu ya mtu aliyesimama maisha yake yote juu ya saruji iliyolowa, katika banda la kumenya kamba wa baharini, maji ya barafu yakimpita kati ya vidole. Visigino vimekomaa hadi vimekuwa kama vifuu vya nazi. Mimi sikumwoa kwa ajili ya miguu, nilimwoa kwa ajili ya mdomo, na mdomo huo umenitoa jasho vya kutosha. Lakini nitakayoyasimulia hapa ni ya miguu.

Kisiwani kwetu Manathuruti, ng'ambo ya hori ukitoka Kochi, hatuna mengi ya kujivunia. Tuna kanisa, tuna minazi, tuna kamba, na tuna mchezo wa vishindo. Ni mchezo wa wafalme na panga na majoho ya mahameli, unaimbwa kwa Kitamil cha kale ambacho hata Watamil wanaotuuzia vyungu wakikisikia hujikuna kichwa. Kuimba si kitu, kila mtu anaimba. Mchezo wenyewe uko miguuni. Mfalme akikasirika anakanyaga. Akipenda anakanyaga. Akifa anakanyaga kwanza, ndipo anaanguka. Jukwaa ni la mbao, chini liko wazi, na kishindo cha mfalme kikitoka humo kinatakiwa kimwamshe mtoto aliyelala mtaa wa pili.

Kazi yangu mimi ni uchekeshaji. Naingia kati ya vita na vita, nawaeleza watu kwa lugha yao nani kamuua nani, namtania padri kidogo, natoka. Taji sikuwahi kulitaka. Mke wangu alilitaka tangu akiwa mtoto.

Na taji letu lina desturi yake. Lenyewe ni la bati lililopakwa dhahabu, lina vioo vyekundu na manyoya ya tausi. Mfalme akivunja ubao wa jukwaa kwa mguu wake, taji linakwenda kulala nyumbani kwake, na yeye ndiye mfalme wetu mpaka atokee mwingine wa kuvunja. Anayevaa bila kuvunja ni mwazimaji tu. Mchezo ukiisha, mwenye taji anapanda jukwaani na kitambaa chake, anamvua mwazimaji mbele ya watu, anaondoka nalo. Miaka hiyo, kabla daraja la visiwani halijajengwa, mwenye taji alikuwa Thobi fundi mashua, mtu wa miraba minne, ambaye alivunja ubao ujanani mwake huko Kochi na hajampa mtu nafasi ya kusahau. Goti lilipomgomea, kila mtu alijua anayefuata ni mwanawe Lijo. Lijo ana sura, ana sauti, ana kifua. Mguuni hana kitu. Akikanyaga, ubao unamwitikia kwa adabu.

Wanawake hawakuwa na sehemu katika mchezo. Walishona majoho na kupika uji wa mazoezini. Brijita aliukoroga uji huo tangu msichana, mgongo kwenye sufuria na macho uwanjani, na kila hatua waliyofundishwa wanaume aliidaka. Bandani alikuwa akimenya kamba huku akikanyaga chini kwa chini, mpaka msimamizi akalalamika kwamba trei za barafu zinatikisika.

Jioni moja baada ya Pasaka alioga, akavaa gauni la kanisani, akachuma majani ya tambuu, akaweka popoo juu yake na sarafu juu ya popoo. Nikamuuliza anakwenda kumposa nani.

"Anayetaka kujua anifuate," akasema.

Nikamfuata mpaka kwa mzee Lonan, mwalimu wa mchezo, ambaye sote tunamwita Asan. Alikuwa barazani. Meno ya mbele hana, ila tambuu haijawahi kumshinda. Majani na sarafu ndivyo anavyoletewa mwanafunzi mpya, kwa hiyo alifurahi, akapokea, akakunja jani, akalitia mdomoni, akaanza kutafuna.

"Haya, mwanafunzi yuko wapi? Sheri ameamua kujifunza kuimba?"

Sheri ni binti yetu.

"Si Sheri, Asan," akasema Brijita. "Ni mimi. Nataka mfalme."

Asan akaacha kutafuna. Akatazama chombo chake cha kutemea mate, kisha akamtazama Brijita. Kwetu, mwalimu akishameza maji ya kwanza ya tambuu, mwanafunzi kampokea, hakuna kurudi nyuma.

"Brijita, mwanangu, wewe ni mwanamke."

"Tangu kuzaliwa, Asan."

"Tena umri wako ni wa kuitwa bibi."

"Mfalme tuliye naye si kijana. Na goti lake limekufa."

"Thobi atasema nini?"

"Thobi aseme na tambuu. Umeshaimeza."

Asan alicheka mpaka akapaliwa. Lakini hakumpa mteremko. Alimwanzisha hatua ya kwanza kabisa, pamoja na watoto wa komunyo, na mwaka mzima mke wangu alitoka bandani ananuka kamba, akala muhogo wake na dagaa kwa haraka, akaenda kukanyaga mbele ya mzee yule mwenye fimbo. Nyumbani aliloweka miguu kwenye beseni. Kumwonea huruma sikumwonea. Nilimwonea wivu, kwa sababu mimi katika umri ule sikuwa na kitu ninachokitaka namna ile.

Thobi alinyamaza mwaka mzima. Akaja kuzungumza siku tulipopata mwaliko wa Kochi, kwenye sikukuu ya parokia moja ya mjini. Alisimama nje ya kanisa baada ya misa, watu wote wakiwepo.

"Dada Brijita avae taji, sikatazi," akasema. "Lakini taji langu si zawadi ya akina mama. Mimi nilivunja Kochi, na yeye avunje Kochi. Asipovunja, mwakani Lijo ndiye mfalme, dada anarudi kwenye sufuria yake ya uji, na habari za wanawake na taji kisiwani hapa zimekwisha. Tumeelewana?"

"Na nikivunja?" akauliza Brijita.

"Ukivunja, taji lako."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa."

Brijita akamgeukia Lijo. "Umesikia, mwanangu? Baba yako amesema. Usije ukalia baadaye." Lijo akacheka, kwa kweli ni kijana asiye na ubaya. Baba yake hakucheka.

Sisi Kochi tunaijua. Kwetu ni mahali pa hospitali, mahakama na viatu. Unakwenda ukiwa na shida, unarudi ukiwa na shida na vumbi. Lakini Jumapili ile ya sikukuu tulivuka hori kwa mashua ya Thobi tukiwa tumejaa pomoni, masanduku ya majoho katikati, ngoma juu ya masanduku, wanawake wetu wa uji nyuma na sufuria yao, na watu wa vivuko wakatupungia mikono. Brijita alikaa mbele kabisa, miguu mitupu juu ya ukingo, anazikagua nyavu za Kichina na meli na maghala kama mtu aliyekuja kununua. Njia nzima vidole vya miguu vilikuwa vinahesabu hatua. Nikajua anaogopa.

Tulipofika uwanja wa kanisa, tukasimama wote kama tuliopigwa picha. Jukwaa lilikuwa jipya. Lilikuwa la zege, kubwa, limenakshiwa vigae vya rangi ya maziwa, na juu yake amesimama Mwalimu Benedikt, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, amefumbata mikono kwa furaha.

"Karibuni, karibuni sana. Mnaliona? Mimi ni mtu wa milimani, nimehamia hapa, lakini niliambiwa yaliyotokea zamani. Mlikuja mkacheza, jukwaa likawavunjikia. Wageni kuvunjikiwa na jukwaa, ni aibu gani hiyo? Nikasema kwenye kamati, haitatokea tena. Parokia nzima imechanga. Leo mkanyage mtakavyo, halitikisiki."

Mtu akikukosea kwa ubaya unajua la kumjibu. Huyu alitukosea kwa mapenzi. Asan akainama akamshukuru. Brijita akapanda, akatupa kisigino chini kwa nguvu zake zote. Ikatoka sauti ya samaki aliyeangukia sakafuni.

"Zege zuri," akasema Thobi.

Krismasi iliyotangulia safari hiyo Thobi alikwenda Kochi kununua misumari, na njia ya dukani inapita mbele ya kanisa lile. Mimi nasema hayo tu, mengine anayajua Mungu.

"Tutapiga ngoma kwa nguvu zaidi," akasema Asan, na akatazama pembeni. Wanawake wa uji walikuwa wameweka sufuria chini. Mmoja akaanza kujifuta macho na upande wa kitambaa chake cha kichwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Brijita hakubeba taji la kichwa chake peke yake.

Brijita akashuka. "Thobi, sharti ni Kochi?"

"Sharti ni Kochi."

"Na ni ubao?"

"Ni ubao, dada. Sasa kama hawana ubao, mimi nifanyeje?"

"Wewe usifanye kitu," akasema, akatoka getini peku, na mimi mbio nyuma yake.

Ilikuwa saa ile ya mchana maduka yamefungwa, wenyewe wamelala. Maduka ya zamani ya mtaa ule hayana milango. Yana mbao ndefu zinazosimamishwa moja moja ndani ya mfereji wa kizingiti mpaka uso wote unazibika, na kila ubao umeandikwa namba yake kwa chokaa usije ukakosea nafasi. Tulipita mbele ya mbao hizo kana kwamba hazina maana, mpaka mbele yetu mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, akaanza kufungua duka lake. Aliuchomoa ubao, akauegesha, ukamponyoka ukapiga kizingiti.

Brijita akasimama. "Umesikia?"

"Nini?"

"Mfenesi. Mkavu."

Mimi nilisikia ubao umeanguka. Yeye alikwishafika, na kabla sijamwahi alikuwa anaubisha ule ubao kwa kisigino, huku kichwa kakiinamisha.

"We mama," akasema mwenye duka, "hiyo ni milango, si mbuzi wa kupigwa teke."

"Samahani, dada. Zina umri gani?"

"Nilizikuta hapa nilipoletwa bibi harusi. Kwani unanunua papadam, au unanunua duka?"

"Nataka kuazima."

"Papadam haziazimwi."

"Mbao, dada. Nataka mbao."

Yule mama akavua miwani, akanigeukia mimi. "Bwana, huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Anaumwa?"

"Ni mfalme," nikasema.

Ikabidi Brijita aeleze. Alieleza yote, uji, tambuu, goti, taji, zege. Mama yule, jina lake Ratnabai, mjane, Mkonkani anayeuza papadam, vichapati vyembamba vya dengu alivyovisukuma na kuvianika mwenyewe, alisikiliza ameshika kiuno. Mwishoni alikwishaanza kutikisa kichwa kukubali, na hapo mke wangu akafanya jambo ambalo lilinifanya nimfinye.

"Nikuambie kabisa, usije ukasema nimekudanganya," akasema. "Siji kucheza juu yake tu. Nataka kuuvunja."

Ratnabai akakaa juu ya kizingiti. Nikaanza kutafuta maneno ya kuagia.

"Mama mkwe wangu alikuwa ananifungia humu," akasema. "Kila mchana, nikiwa bado mwari. Anaweka ubao, anaweka mwingine, mpaka giza. Alikuwa anasema mke wa mwenye duka haonwi na barabara. Sasa amekufa, mume amekufa, mbao zimebaki, na kila siku nazibeba mimi kwa mgongo huu. Unasema utaweza?"

"Sijui, dada. Sitakudanganya. Nitatumia nguvu zangu zote."

Ratnabai akanyanyuka, akaingia ndani, akaupapasa mmoja na kuuvuta nje kwa mikono miwili. "Chukua huu wa katikati. Ndio uliokuwa wa mwisho kuwekwa." Akazitoa na zilizobaki, kisha akapaza sauti kuelekea ng'ambo ya barabara. "Hamsa! Amka. Toa mbao."

Mzee wa duka la viungo akachungulia kwenye upenyo. "Kuna nini?"

"Kuna mfalme. Toa mbao."

"Na duka langu likae wazi?"

"Nani aibe tangawizi yako? Hata panya wameikataa."

Hamsa alinung'unika, lakini alitoa. Jirani yake alipomwona Hamsa anatoa naye akatoa, asionekane mchoyo. Muda mfupi baadaye mtaa ulikuwa unatembea, mbao mabegani, namba za chokaa zikienda mbele na nyuma bila mpangilio, na Brijita katikati akigonga kila mmoja kwa kisigino na kusema huu ndiyo, huu hapana, huu peleka kwa jina la Mungu.

Mwalimu Benedikt alitukuta getini. "Vigae vyangu," akasema. Hamsa akatandaza magunia ya pilipili manga juu ya vigae, tukapanga juu yake mabenchi ya shule ya parokia, tukalaza mbao juu ya mabenchi. Kijana mmoja akaanza kuyafunga kwa kamba ya makumbi. Thobi alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, anatazama mafundo yale. Ni fundi, na fundi ana ugonjwa wake. Alivumilia, akavumilia, mwisho akaja akamnyang'anya kijana kamba.

"Likivunjika, livunjike kwa mguu," akasema. "Sitaki kusikia fundo lililegea." Akafunga jukwaa lote peke yake, benchi kwa benchi, na ubao wa Ratnabai akauweka katikati, mahali anaposimama mfalme.

Sanduku lake la kazi alikuwa ameliacha wazi, na ndani yake kulikuwa na msumeno. Nikamfuata Brijita walipokuwa wanamfunga joho.

"Mama Sheri," nikamnong'oneza, "kamstari kadogo tu kwa chini. Nani ataona?"

"Ukigusa ubao wa yule mama, leo unalala kwa mama yako."

"Mama yangu alikwishakufa."

"Najua."

Tulianza jua likiwa bado juu ya minazi. Hadithi yenyewe ni ya ndugu wawili wanaogombea kiti, Anjelo na Justino. Brijita alikuwa Anjelo, Lijo alikuwa Justino. Mapazia yalipofunguka na mke wangu akasimama pale katika joho jekundu, taji kichwani, upanga mkononi, watu wa mjini walianza kuulizana ni nani huyu. Kisha ngoma ikamwita, naye akakanyaga mara moja.

Nimecheza mchezo huu tangu sijaota ndevu. Sijawahi kusikia sauti ile. Ilitoka chini ya mbao ikapita kwenye mabenchi, ikapanda ukuta wa kanisa, na kunguru wote wa mnarani wakaruka. Asan alikuwa na matoazi yake kando ya jukwaa, akafumba macho.

Lakini mfenesi ni mfenesi. Vita vya kwanza vilikwisha, ubao mzima. Vita vya pili vikaisha, mzima. Nilipoingia kuwachekesha watu nilipita juu ya ubao ule nikausikiliza kwa unyayo, haukuwa na hata nia. Nikawaambia watu kwamba mfalme Anjelo anaomba radhi, kesho asubuhi atakuwa bandani anamenya kamba, kwa hiyo mwenye kesi yake ailete leo. Wanaume wakacheka. Wanawake hawakucheka, walisogea mbele. Ratnabai alikuwa mstari wa kwanza, amekaa juu ya kapu la papadam zake, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuzifungia.

Vita vya tatu ndivyo vya mwisho. Brijita aliingia anachechemea. Mimi namjua, aliuficha mguu kwenye joho, lakini kisigino kilikuwa kimevimba. Lijo aliona pia. Wakati panga zimegongana alimsogelea, nami nikiwa nyuma ya pazia niliwasikia.

"Shangazi, pumzika kidogo. Utajiumiza."

"Inua upanga wako, mwanangu. Umeushika kama kijiko."

Kisha ikaja kanyago la kufungia, pale mfalme anapoizunguka nchi yake yote kwa miguu na kurudi katikati kuitwaa. Ngoma ikapanda. Brijita akazunguka, anaimba Kitamil kile kwa sauti ya kifuani, na kila kanyago lilikuwa zito kuliko lililopita. Pale nyuma ya pazia nilikuwa nimeushika mkono wa binti yangu Sheri kwa nguvu mpaka akaniambia nimwachie. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti, sioni aibu kusema. Alirudi katikati. Akavuta joho kwa mkono wa kushoto, akauinua mguu wake mbaya juu, juu kabisa, nikaona kisigino chote, kisha akaushusha.

Ubao ulilia kama bunduki. Mguu ukapita ubao, ukapita mpaka goti, na mfalme akasimama pale nusu ndani ya jukwaa.

Ngoma ikakatika. Mtu akapiga yowe. Nikataka kutoka mbio nikamvute, na Asan, bila kufumbua macho, akanyoosha toazi moja kifuani kwangu akanizuia. Kisha akaligonga. Maana yake ilikuwa moja tu, mchezo haujaisha.

Brijita akaimba. Amenasa mpaka goti, taji limemwendea upande, na ubeti wa mwisho aliuimba wote, neno kwa neno, hakumeza hata moja. Katika ubeti huo ndipo Justino anaposhindwa na kupiga magoti chini ya nduguye. Lijo akapiga magoti. Akaona bado yeye yuko juu kuliko mfalme. Akainama. Bado. Basi kijana yule, na Mungu ambariki, akalala kifudifudi juu ya mbao, joho na upanga na kila kitu, uso chini, mbele ya huyo anayemwita shangazi.

Uwanja ukalipuka. Ratnabai alisimama juu ya kapu, papadam zinavunjika chini ya miguu yake, anamwambia kila mtu wa kulia na wa kushoto, "Ubao wangu huo. Ule ni wangu."

Ndipo Thobi akapanda na kitambaa chake cha kufungia taji, na watu wakatulia. Hakwenda kwenye taji. Alipiga goti lake zima, lile bovu akalinyoosha pembeni, akaanza kuvunja vibanzi kuzunguka mguu wa Brijita kimoja kimoja, ili visimchane. Akautoa mguu. Kisha akakiinua kipande cha ubao kwenye mwanga, akapitisha kidole mahali kilipokatika, akakigeuza, akapitisha tena. Mtu mzima huyo, aliyeshika mbao tangu utoto, alikuwa anatafuta ufa au kazi ya msumeno. Nilishukuru sana wakati ule kwamba nina mke mkali.

"Haukuwa na ufa," Thobi akawaambia watu. "Umekatika kinyume cha nyuzi za mti." Akakikunja kitambaa, akanitupia mimi. "Shika. Mfalme asije akaliweka taji kwenye vumbi."

Neno hilo, mfalme, alilisema kama anavyosema jina la mtu. Brijita akalishika taji kwa mikono miwili. Alilia waziwazi, na mimi nililia nikiwa nimevaa kofia yangu ya mchekeshaji yenye kengele, zikawa zinalia nazo.

Wanawake wa uji ndio walioanza. Mmoja alipanda, akafuata mwingine, mikono bado ina mvuke wa sufuria. Hawakuomba ruhusa ya Asan wala ya Mwalimu Benedikt. Walijipanga nyuma ya Brijita, na miguu yao ilipokanyaga ikakanyaga pamoja, kwa sababu wote walikuwa wamezidaka zile hatua miaka yote, kila mmoja kwa siri yake. Sheri akaniachia mkono akaenda. Asan alifumbua macho, akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wageni wengi, akachukua matoazi.

Ratnabai alikuja wa mwisho. Alivua kandambili zake, akaziweka pembeni vizuri, akaupapasa kwa dole gumba la mguu ubao mmoja uliobaki mzima kutoka dukani kwake.

"Mguu upi unaanza?" akamuuliza mke wangu.

"Wa kulia, dada," akasema Brijita. "Lete kwa nguvu."